Breki Ndiyo Inayokunywa Mafuta: Niliyojifunza kwa Magari ya Majaribio

Kwa miaka minne nilinunua mafuta kama madereva wengi wa Dar es Salaam wanavyonunua: nasogea kwenye pampu, nashusha kioo na kusema, "Weka ya elfu thelathini." Sikuwahi kutazama ni lita ngapi zilizoingia. Nilitazama mshale kwenye dashibodi, nikaona umepanda kidogo, nikaondoka. Siku tatu baadaye taa ya njano iliwaka, nikarudi. Aliyeniuliza gari langu, Toyota IST ya injini ya lita 1.5, linakwenda kilomita ngapi kwa lita nilimjibu kwa uhakika kwamba halili mafuta, kwa sababu hivyo ndivyo kila mtu anavyosema kuhusu IST. Siku nilipopima kwa mara ya kwanza nikapata kilomita 9.1 kwa lita, nilirudia hesabu mara mbili nikidhani nimekosea kugawanya.

Leo gari lilelile, kwa barabara zilezile za mjini, linanipa kilomita 11.8, na safari ya Morogoro ambayo zamani ilinipa 14.3 sasa inanipa 17.1. Sikubadilisha injini wala sikununua kifaa chochote cha kubana mafuta. Nataka kueleza kilichobadilika, lakini nitaanzia mbali kidogo, kwenye magari ambayo huenda hakuna hata mmoja wetu atakayeyaendesha, kwa kuwa hayo ndiyo yaliyonionyesha mafuta yanakwenda wapi.

Neno "sheli", ambalo tunakiitia kituo chochote cha mafuta bila kujali mwenyewe ni nani, limetokana na jina la kampuni ya Shell. Mwaka 1939, katika maabara ya kampuni hiyo huko Wood River, jimbo la Illinois nchini Marekani, wanasayansi waliwekeana dau kuona nani angekwenda mbali zaidi kwa kiasi kilekile cha petroli, na mshindi alipata takriban kilomita 21 kwa lita. Ushindani ule haukufa. Mwaka 1973 gari aina ya Opel lililotengenezwa mwaka 1959 lilifikisha maili 376.59 kwa galoni, ambazo ni kama kilomita 160 kwa lita. Walioliandaa walikuwa wameng'oa karibu kila kitu kilichokuwa ndani isipokuwa kiti cha dereva. Mwaka 1985 mashindano yalianza upya nchini Ufaransa kwa jina la Shell Eco-marathon, yakawa ya wanafunzi, na hapo ndipo tarakimu zilipoanza kupanda kwa namna inayomshangaza mtu aliyezoea magari ya kawaida.

Gari ninalolikumbuka kuliko yote ni PAC-Car II, lililojengwa na chuo kikuu cha ETH cha mjini Zürich, Uswisi. Mwezi Juni mwaka 2005, katika uwanja wa majaribio wa Ladoux nchini Ufaransa, lilikwenda umbali unaolingana na kilomita 5,385 kwa lita moja ya petroli. Nasema "unaolingana" kwa sababu lilitumia haidrojeni, kisha nishati yake ikageuzwa kuwa kipimo cha petroli. Kwa umbali huo ungetoka Dar es Salaam hadi Mwanza na kurudi mara mbili, na bado ungebakiwa na safari ya kwenda Dodoma. Gari zima lilikuwa na uzito wa kilo 29, ambao ni pungufu ya mfuko wa saruji. Lilikuwa na magurudumu matatu membamba yaliyofichwa ndani ya bodi ili yasichafue mtiririko wa hewa, na dereva alilala chali, macho yakiwa juu kidogo tu ya vidole vyake vya miguu.

Nilipoanza kusoma habari za magari haya nilitarajia kukuta siri fulani ya injini. Injini ni sehemu ya habari, lakini si habari yote. Waliojenga magari haya walijiuliza swali moja kwa ukaidi mkubwa: nguvu iliyotoka kwenye mafuta inapotelea wapi? Inapotea katika kusukuma hewa, katika matairi yanayobonyea na kuinuka kila yanapozunguka, na katika kuuondoa uzito mahali uliposimama, kisha kuusimamisha tena kwa breki. Wanafunzi wanaoshindana kwa injini za petroli huiwasha injini kwa muda mfupi, hupandisha mwendo, kisha huizima na kuliacha gari liserereke lenyewe mpaka mwendo upungue, ndipo huiwasha tena. Mwendo wao wa wastani ni kama wa baiskeli iliyokazwa vizuri. Breki wanayo kwa ajili ya usalama, lakini dereva mzuri kwenye uwanja ule hujitahidi mzunguko mzima asiiguse.

Mtu anaweza kusema kwamba hayo ni ya uwanjani na barabarani hayahusu. Nami nilifikiri hivyo, mpaka niliposoma juu ya gari la Volkswagen la mwaka 2002. Ferdinand Piëch, aliyekuwa akiongoza kampuni hiyo, aliliendesha mwenyewe kutoka Wolfsburg hadi Hamburg kwenye mkutano wa wenye hisa, katika barabara za kawaida pamoja na magari mengine, na likatumia wastani wa lita 0.89 kwa kilomita 100, yaani zaidi ya kilomita 112 kwa lita. Lilikuwa na injini ya dizeli yenye silinda moja, ujazo wa lita 0.3, uzito wa kilo 290 na upana wa mita 1.25 tu, kwa hiyo abiria aliketi nyuma ya dereva kama kwenye bodaboda. Hata vioo vya pembeni waliviondoa na kuweka kamera, kwa sababu kioo nacho hukamata upepo. Toleo la kuuzwa, XL1, lilitoka mwaka 2013 na lilipangwa kutengenezwa magari 250 pekee, kwa bei ya matajiri.

Sasa tulete hesabu hiyo kwenye gari letu. Gari dogo lenye dereva ndani lina uzito wa tani moja na ziada kidogo. Likiwa kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa limebeba nguvu ambayo injini iliipata kwa kuchoma takriban mililita 30 za petroli, ukizingatia kwamba kama robo tu ya nishati ya mafuta ndiyo hufika kwenye magurudumu na inayobaki hutoka kama joto. Mililita 30 ni vijiko viwili vya chakula. Kila unapokanyaga breki kutoka mwendo huo hadi kusimama, vijiko hivyo viwili unavigeuza kuwa joto kwenye diski za breki, kisha unachota vingine viwili ili urudi kwenye mwendo uleule. Tangu nilipoyaelewa haya, sikuweza tena kuitazama breki kama kitu kisichohusika na matumizi ya mafuta. Mafuta tunayapoteza kwenye breki; kwenye pedali ya mafuta tunayachota tu.

Barabara ya Morogoro ilikuwa shule yangu. Kuanzia Kibaha, kupitia Mlandizi na Chalinze hadi Mikese, kuna vibao vya 50 kila penye makazi, kuna matuta, kuna vivuko vya watembea kwa miguu, na kuna malori yanayopunguza mwendo kuingia mizani ya Vigwaza. Zamani nilikuwa nakwenda kasi mpaka karibu na kibao, nakanyaga breki, napita kijiji, kisha nakanyaga mafuta kwa nguvu kana kwamba nalipiza kisasi. Hesabu vituo thelathini vya namna hiyo katika safari moja, utapata zaidi ya nusu lita iliyotumika kupasha breki joto. Siku hizi nikikiona kibao kwa mbali naondoa mguu kwenye mafuta mapema, mita mia tatu au zaidi, gari likiwa kwenye gia, nalo linapungua lenyewe taratibu mpaka linafika kwenye kibao likiwa kwenye 50 bila breki kuguswa. Trafiki akiwa chini ya mwembe na kipima mwendo chake, hana la kuniuliza. Kinachotakiwa ni kutazama mbali, tuta lililo mbele ya gari la tatu, badala ya kutazama taa za gari lililo mbele yako, na jambo hilo linaongeza usalama kabla hata halijaongeza kilomita.

Mjini ni vigumu zaidi, lakini mantiki ni ileile. Kwenye foleni ya Kimara au Ubungo naacha nafasi mbele yangu na kusogea polepole bila kusimama, badala ya kuruka mita kumi na kukanyaga breki. Bodaboda wataingia kwenye nafasi hiyo, na waingie. Hawanichelewishi hata dakika moja.

Nisisitize neno "likiwa kwenye gia". Madereva wetu wengi wanaamini kwamba kuweka gia huru kwenye mteremko kunaokoa mafuta, na wengine huzima injini kabisa. Kwa magari ya zamani ya kabureta imani hiyo ilikuwa na msingi kidogo, lakini gari la kisasa lenye mfumo wa kupuliza mafuta kwa kompyuta hukata mafuta unapoondoa mguu ukiwa kwenye gia, kwa kuwa magurudumu yenyewe ndiyo yanayoizungusha injini. Ukiweka gia huru, injini inalazimika kuchoma mafuta ili isizime. Unapoteza mafuta, na pamoja nayo unapoteza msaada wa injini katika kulizuia gari. Anayeshuka mlima Kitonga kwa gia huru anategemea breki peke yake, na breki zikipata moto kupita kiasi hazishiki. Ukizima injini, usukani unakuwa mzito na nguvu ya kusaidia breki inaisha baada ya kukanyaga mara chache. Wanafunzi wa Eco-marathon huzima injini wakiwa kwenye uwanja uliofungwa, ndani ya gari la makumi ya kilo. Nakuomba usilijaribu hilo barabarani.

Kasi yenyewe ina hesabu yake. Ukinzani wa hewa hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo: ukitoka 80 hadi 100 unaongezeka kwa zaidi ya nusu, na ukifika 120 unakuwa mara mbili na robo ya ule wa 80. Mimi nimetulia kwenye 85 penye nafasi ya wazi. Nafika Morogoro dakika kama kumi na tano baada ya muda niliokuwa nafika zamani, na ninapofika sina haja ya kulala kwanza.

Sasa nije kwenye jambo lililokuwa likiniumiza bila mimi kujua, na ambalo naamini linawaumiza maelfu ya wenye magari hapa nchini. Baada ya kupata ile 9.1 nilianza kulichunguza gari, nikaona kwamba mshale wa joto ukiwa mjini unafika karibu na katikati, lakini barabara ikifunguka na upepo ukaingia mbele, unashuka hadi karibu na C na kubaki hapo. Nilidhani ni dalili njema kwamba injini haichemki. Fundi mwingine, mtu mzima mwenye subira, aliushika mpira wa juu wa rejeta dakika mbili tu baada ya kuwasha gari, akaniambia niushike na mimi. Maji yalikuwa tayari yanazunguka.

"Hili halina thamostati," akasema.

Nikampigia fundi wangu wa zamani. Hakukana. "Kaka, hiyo niliitoa siku nyingi. Hapa Dar joto, ya nini? Niliitoa gari lisije likakuchemkia njiani."

Alifanya kwa nia njema, na ni desturi iliyoenea gereji nyingi. Lakini thamostati ni mlango mdogo unaozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake la kazi, nyuzijoto 80 na kitu. Mlango huo ukiondolewa, injini inachelewa kupata moto, na gari likiwa kwenye kasi linapoa kupita kiasi. Kompyuta inaposoma kwamba injini bado ina ubaridi, inaongeza mafuta, kama inavyofanya asubuhi unapowasha, nayo inaendelea kuongeza safari nzima. Oili nzito nayo inaongeza msuguano. Tuliweka thamostati mpya na maji ya rejeta yanayostahili badala ya maji ya bomba, na bila kubadilisha kitu kingine chochote nikapata kilomita 10.2 kwa lita katika matangi manne yaliyofuata. Kama gari lako lilichemka siku za nyuma likatengenezwa, uliza kwa upole kama thamostati ipo. Na kama gari linachemka likiwa na thamostati, basi kuna ugonjwa mwingine, iwe rejeta iliyoziba, feni isiyozunguka au pampu ya maji iliyochoka, na ugonjwa huo ndio utibiwe.

Upepo wa matairi nautaja kwa kifupi. Yangu yalikuwa na psi 22 (psi ni kipimo cha upepo wa tairi) wakati kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva kilisema 32. Takwimu za serikali ya Marekani zinasema kila psi moja inayopungua kwenye matairi yote manne hukupotezea takriban asilimia 0.2, kwa hiyo faida yangu ilikuwa kama asilimia 2 tu. Ni kidogo, ila haina gharama, na tairi lenye upepo mdogo huisha kingo na linaweza kupasuka kwa joto. Pima asubuhi kabla matairi hayajapata moto, na ufuate kibandiko, usifuate mazoea ya kijana wa pancha. Keria ya juu ya gari kama huitumii iondoe, na buti ulisafishe. Langu lilikuwa na dumu la maji, vigae vilivyobaki kwenye ujenzi na jeki mbili.

Kuhusu vifaa vinavyouzwa mitandaoni, sumaku za kufunga kwenye mpira wa mafuta na vidonge vya kutumbukiza tangini, nitasema hili tu: shirika la mazingira la Marekani, EPA, limekwisha kupima zaidi ya vifaa mia moja vya aina hiyo, na halikupata kinacholeta nafuu ya maana. Fedha hiyo nunua kichujio kipya cha hewa na plagi.

Lakini hakuna lolote kati ya haya utakalolijua kama hupimi, na huwezi kupima ukiendelea kununua ya elfu thelathini. Bei kikomo za EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta nchini, hutangazwa kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa hiyo elfu thelathini ya mwezi huu si lita zile zile za mwezi ujao, na mtu anayehesabu shilingi hawezi kutofautisha gari lililoanza kula na bei iliyopanda. Jaza tangi mpaka pampu ijikate yenyewe mara ya kwanza, usiongeze hapo. Andika kilomita zilizopo. Endesha mpaka tangi lipungue kufikia nusu au chini yake, rudi kwenye pampu ileile, jaza tena mpaka ijikate, kisha gawanya kilomita ulizotembea kwa lita zilizoingia. Usiamini jibu la tangi moja. Chukua matatu au manne, ndipo uanze kubadilisha kitu, na ubadilishe kimoja kwa wakati mmoja.

Kuna mtego kwenye hesabu hii. Gari linalotoka kilomita 16 kwa lita na kufika 20 linaonekana limefanya makubwa kuliko linalotoka 7 na kufika 9. Hesabu lita kwa kila kilomita 100: la kwanza limeokoa lita 1.25, la pili limeokoa zaidi ya lita 3. Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Duke, Richard Larrick na Jack Soll, walilieleza kosa hili katika jarida la Science mwaka 2008, na mimi nimeliona nyumbani kwetu. Tulikuwa tukizungumzia gari langu dogo kila siku, ilhali Noah ya dada yangu, inayotembea kilomita 1,500 kwa mwezi, ilikuwa ikila kwa kilomita 7 kwa lita na hakuna aliyeigusa.

Nilimpa dada daftari, nikamwonyesha namna ya kupima. Thamostati yake ilikuwepo, matairi yalikuwa sawa, na mwendo wake ni wa taratibu kuliko wangu. Tulipolipitia daftari pamoja tuligundua kwamba gari lake lilikuwa likiwashwa mara tano au sita kwa siku: kilomita mbili kwenda shuleni na kurudi, saa moja baadaye sokoni na kurudi, kisha dukani, kisha shuleni tena. Kila safari iliisha kabla injini haijapata moto wake, na injini ya baridi, kama nilivyoeleza, hupewa mafuta mengi. Sasa akiwashusha watoto anapitiliza moja kwa moja sokoni, na ya dukani anayamaliza hukohuko kabla ya kurudi nyumbani. Daftari lake la mwezi uliopita linasoma 8.4, ambazo kwa kilomita 1,500 ni pungufu ya lita 35 na ushei.